Bibi Alipoliosha Daftari la Historia

Wenzangu mliojifunza kuandika kwa kalamu ya kuchovya, enzi zile mtoto akirudi nyumbani na vidole vya buluu na mama akajua kwamba leo kulikuwa na imla, nyinyi mtanielewa upesi. Hawa wa siku hizi sina hakika nao. Nikimwambia mjukuu wangu kwamba wino wetu ulikuwa unga, unakorogwa kwa maji na kumiminwa kwenye vikopo vidogo vilivyozama ndani ya dawati, ananitazama kama ninayemhadithia habari za majini. Na nikimwambia kwamba wino ule ukipata maji ulikuwa unaondoka, karatasi ikabaki na kivuli tu cha kitu kilichokuwapo, ananiuliza kwa nini basi hatukutumia peni. Peni zilikuwa za wakubwa.

Temeke ya wakati wa Mwingereza haikuwa mji, wala haikuwa shamba. Ukiipita Keko ulikuwa unaingia kwenye mikorosho, na katikati ya mikorosho ndimo walimokuwa watu, nyumba za miti na udongo, nyingine zimeezekwa makuti, nyingine madebe ya mafuta yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Njia zilikuwa mchanga mtupu. Alfajiri ungesikia fagio zikikwaruza ua hadi ua, huyu akimaliza yule anaanza, hata ukadhani ni ufagio mmoja unaotembea mtaa mzima. Halafu ikaja harufu ya vitumbua. Mpaka leo mvua za vuli zikianza naisikia ile harufu, iliki na nazi na moshi wa vifuu, na najiona nimesimama mlangoni miguu peku, nimeshika sahani ya bati, nasubiri vigeuzwe upande wa pili. Sijui kwa nini kumbukumbu hii hunijia na usingizi. Nikiwa nimekaa tu mchana, macho yananielemea, na nimeshafika.

Nyumbani tulikuwa watu watano. Baba alikuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali mjini, anakwenda kwa baiskeli na kaptula ya kaki iliyonyooshwa mpaka inasimama yenyewe. Alibeba barua za wakubwa kutoka meza hii hadi ile kwa miaka ishirini, na nyingi katika hizo hakuweza kuzisoma. Mama alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mingi. Bibi Mwanahawa, mama yake baba, ndiye aliyekuwa serikali ya nyumba. Kisha kaka yangu Shomari, na mimi Mwajuma, niliyemfuata kwa miaka minne.

Bibi alimwita Shomari mume wangu, kama bibi wote wa pwani wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na mimi akaniita mke mwenza. Akigawa nyama alikuwa anasema, "Mume wangu anakula paja, mke mwenza anakula mchuzi, mie mzee nakula macho." Tukicheka, anacheka, na paja linakwenda kwa Shomari kweli.

Mwaka ninaousimulia Shomari alikuwa darasa la kumi na mbili. Wenzangu mnajua maana yake wakati ule. Temeke nzima hakukuwa na mtu mwingine aliyefika huko, na watu walikuwa wanakuja barazani kumtazama tu, kama vile kichwa chake kimeongezeka ukubwa. Habari ya mtihani wenyewe iliwachanganya wengi. Maswali yanatungwa Uingereza, yanakuja kwa meli yamepigwa lakiri nyekundu, watoto wanajibu, majibu nayo yanapanda meli yanarudi huko huko kusahihishwa, na miezi inapita kabla hujajua kama wewe ni mtu au si mtu. Bibi aliamini kabisa kwamba msahihishaji ni Malkia mwenyewe. Alikuwa akimwambia Shomari, "Andika vizuri mume wangu. Yule ni mwanamke kama sie, ataangalia usafi kwanza."

Na baba alikuwa ameshasema lake. Shomari akipita, atakwenda kusoma ng'ambo, Uganda au mbali zaidi, au ataingia ofisini akae kwenye meza, aletewe barua na matarishi. Akishindwa, kuna kazi bandarini ya kubeba magunia, na mjomba wetu mmoja alikuwa nyapara huko, ameshamwekea nafasi. Baba hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayetaja bei, na ndiyo maana lilitutia hofu.

Mimi nilikuwa ndani. Nilisoma mpaka darasa la nne, nikiwa wa pili kati ya wasichana na wavulana wote, na huyo wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu. Halafu nikavunja ungo, na kama ilivyokuwa desturi yetu nikawekwa ndani, mwali, kusubiri kufundwa na kuolewa. Mwalimu wa kike alikuja kumwomba baba anirudishe japo kwa mwaka mmoja. Baba alimkaribisha, akampa chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Mwali hasomi, mwalimu. Mwali anafundwa." Akamsindikiza mpaka njia panda kwa heshima zote. Niliwaona kupitia tundu la ua wa makuti, mwalimu akienda zake na mwavuli wake, na nilisimama pale mpaka nikasahau kwamba maharage yako jikoni. Yaliungua. Sikusema kwa nini.

Hivyo wenzangu walikuwa nje wanacheza rede na mdako, nawasikia wanavyogombana, nazijua sauti zao zote, na mimi niko uani na jiwe la kusagia. Dunia yangu ilikuwa chumba kimoja, ua mmoja na kipande cha mbingu. Siku zilikuwa ndefu, ndefu vibaya sana. Nilijua wakati kwa kivuli cha mpapai kilipogusa choo.

Sasa ikawa katikati ya mwaka mwalimu wao wa historia, Mwingereza mmoja mwembamba, akashikwa na homa kali, akarudishwa kwao kwa meli, wala hakuletwa mwingine. Historia ikabaki nusu. Wanafunzi wakajaribu kujisomea, lakini kitabu kilikuwa kimoja, na mwalimu alikuwa ameondoka nacho. Shomari aliliogopa somo hilo kuliko yote. Alikuwa hodari wa hesabu, ila mambo ya wafalme na sheria zao yalikuwa yanamtoka kichwani kama maji kwenye kikapu.

Aliyemwokoa ni rafiki yake, Yohana. Huyu alikuwa mtoto wa karani kutoka bara, mrefu, mpole, anaishi Keko kwa baba yake, na ingawa alikuwa Mkristo bibi alimpenda kwa sababu hakuwahi kuingia uani bila ya kubisha hodi tatu na kungoja. Yohana alikuwa na mtoto wa shangazi yake aliyefanya mtihani huo mwaka uliotangulia, huko shule za misheni, na huyo alimtumia daftari. Ndani yake mlikuwa na majibu kumi na mawili ya historia, yamepangwa vizuri, ukurasa mmoja na nusu kila moja, kwa wino wa buluu na mwandiko wa kulala. Lilifika zikiwa zimebaki wiki nne. Wakaapizana wasimwonyeshe mtu. Wakagawana zamu, siku tatu kwa Yohana, siku tatu kwetu.

Ningekuwa mimi ningelinakili siku ile ile. Lakini wao walikuwa wavulana, na kila wiki walisema watalinakili Jumapili.

Shomari alikuwa akirudi shule anakula, anaswali alasiri, halafu anakuja uani na daftari. Ananipa mimi. Mimi nakaa kwenye mkeka nimelifungua mapajani, na yeye anatembea kutoka mpapai hadi mlango wa jiko, mikono nyuma, anatoa maneno ya Kiingereza kwa kichwa. Kazi yangu ilikuwa kufuata kwa macho. Akiruka neno, nagonga mkeka kwa njiti ya ufagio, kama alivyokuwa akitugonga mwalimu wetu wa chuoni tulipokosea aya. Anasimama, anatafuta, akilikosa namwambia. Alasiri zile zilikuwa na mwanga wa manjano uliopenya kwenye makuti ukatuchora mistari mwilini, kuku wanaparura, mama anakuna nazi, bibi anasinzia ukutani na tasbihi yake, na katikati ya utulivu huo maneno mazito ya watu wa mbali yanakwenda na kurudi, yanakwenda na kurudi. Kama kuna mahali ningepewa nichague kurudi kwa dakika kumi tu, ningechagua hapo.

Maana ya maneno sikuijua. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la nne, mlango na dirisha na paka. Lakini wenzangu wa pwani mnajua sisi tulilelewaje. Nilihitimu msahafu nikiwa na miaka kumi na mmoja, kwa Kiarabu nisichokielewa, na juzuu kadhaa nilikuwa nazo kichwani barabara. Kwetu kujua kitu na kukielewa vilikuwa vitu viwili, na cha kwanza ndicho kilichofundishwa. Basi Shomari akienda shule mimi nalifungua lile daftari peke yangu, nachambua mchele huku midomo inacheza. Nilianza kwa kujifurahisha tu. Kisha nikawa naamka nalo na kulala nalo.

Zilipobaki siku tisa, bibi alikwenda kwa mwalimu wa chuoni kumtafutia Shomari kombe. Kwa ambaye hakulelewa na sisi, kombe ni aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji ya waridi, na maji yale anapewa mtu anywe, yamwingie. Shomari alilinywa siku ya Jumatano. Lakini bibi hakuridhika. Nilimwona anawaza, na bibi akiwaza alikuwa anauma ushungi wake.

Kesho yake, wanaume wakiwa wametoka, akaniita. "Mke mwenza, hebu nipe lile lidaftari anapiga nalo kelele mume wetu."

"La nini, bibi?"

"Nataka kulifukizia ubani. Au mtoto wa shule lazima aulize?"

Nikampa. Kufukiza ubani hakujaharibu kitu cha mtu. Nikarudi jikoni kumsaidia mama kutwanga mpunga, na tukatwanga mpaka adhuhuri.

Shomari aliporudi alasiri alimkuta bibi amekaa mlangoni na bakuli lililofunikwa kwa kawa. Akamwambia avue viatu, aelekee kibla, afumbe macho, kwani dawa haitazamwi. Shomari alikuwa mtoto mtiifu, na alikuwa na kiu. Akapiga bismillahi, akanywa lote. Alipofumbua macho mimi nilikuwa natoka jikoni, na jambo la kwanza nililoliona lilikuwa midomo yake. Ilikuwa ya buluu. Meno ya buluu. Tone la buluu linashuka kidevuni.

"Bibi, kombe gani hili?" akauliza. "Linawasha ulimi."

Bibi akatabasamu kwa furaha ambayo sijaisahau. "La jana ni la Mungu, mume wangu, na Mungu hashindwi. Lakini mtihani ni wa Mzungu. Nikasema mwenyewe, la Mzungu nalo analinywa lini? Nimekuoshea lote, karatasi kwa karatasi. Halikubaki neno nje."

Nikageuka kutazama kamba ya nguo. Karatasi zilikuwa zimeanikwa pale, bibi amezing'oa kwa uangalifu asizichane, kila moja imebanwa kwa kijiti. Zilikuwa zinapepea. Kwa mbali ungeweza kudhani ni vitambaa vya mtoto mchanga.

Shomari alikwenda kwenye kamba, akashika karatasi moja, akaiinua kwenye jua, akaiachia. Halafu akakaa chini, pale pale mchangani, na sare yake ya shule. Bibi alidhani kombe limemwingia. Akaniambia nimwache apumzike.

Mimi ndiye niliyelitoa lile daftari kwa mkono wangu. Nilisimama na mchi mkononi na nikaona magunia ya bandarini, nikayaona kabisa, moja juu ya jingine mgongoni kwa kaka yangu. Na nilijua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua. Nikinyamaza, Shomari ameanguka. Nikisema, itajulikana kwamba mwali wa tarishi, aliyetolewa shule ili atulie, ameshinda karibu wiki tatu anasoma. Kwa baba hilo lingekuwa kama nimeruka ua. Nasema kweli, nilinyamaza. Nilirudi jikoni nikatwanga mchele ambao ulikuwa umeshatwangika.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, zamu ya Yohana kulichukua daftari lake. Alibisha hodi tatu. Nilikuwa nyuma ya pazia la mlango wa barazani, na nilimsikia Shomari akimweleza, sauti imekauka. Nikangoja Yohana apige kelele. Hakupiga. Nikasikia kitu nisichokitegemea, anamuuliza Shomari, "Bibi amejua?"

"Hajajua. Anafurahi."

"Basi tusimwambie."

Ule upole ndio ulionivunja. Angetukana ningebaki kimya mpaka leo. Sikufikiri tena. Kutoka nyuma ya pazia nikaanza jibu la kwanza, kwa sauti ndogo, neno la kwanza, la pili, mstari mzima. Nilikuwa naufuata mwandiko ule wa kulala kana kwamba uko mbele yangu. Nilipofika mwisho wa mstari wa tatu nikasikia Shomari amesimama.

"Mwajuma?"

"Chukueni kalamu," nikasema. "Mie siwezi kwenda polepole sana, nitapotea."

Tulifanya hivyo siku nne. Wao barazani wamekaa kwenye jamvi, wakiandika, na mimi ndani nimekaa kitako nimeegemea ukuta, kati yetu pazia la kitambaa cha maua. Mimi sikumwona Yohana uso, wala yeye hakuniona mimi, na hilo lilinipa nguvu, maana nilikuwa sauti tu. Nilifumba macho. Maneno yalikuwa yanakuja yenyewe, moja linamvuta mwenzake, na nilisikia kalamu zao zikikwaruza, na pale zilipobaki nyuma nilingoja. Wakubwa wa mtaa walipita wakasema, masikini, vijana wanasoma. Siku nne hizo mimi ndiye niliyekuwa mwalimu. Nililijua hilo wakati ule ule, sikungoja uzee kulijua. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa na mtu wa kumwambia.

Jibu la kumi na mbili sikuwa nimemaliza kulishika. Nilifika nusu, nikasimama. Yohana akasema kutoka nje, "Inatosha, dada. Inatosha sana."

Siku ya mwisho baba alirudi mapema. Hatukusikia baiskeli. Nilipofumbua macho alikuwa amesimama chumbani, kando yangu, kofia mkononi, ametokea mlango wa uani. Sijui alikuwa amesikiliza kwa muda gani. Kule nje kalamu zilikuwa bado zinakwenda.

"Hayo maneno unayajua?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Nimeyashika tu, baba."

"Maana yake unaijua?"

"Siijui."

Akashusha pumzi. Niliuona uso wake ukilegea, kama mtu aliyekuta mlango aliodhani umevunjwa uko salama. "Basi haina neno," akasema. "Wamalizie." Akaenda kuvua viatu.

Mtihani ukafika. Shomari aliondoka alfajiri, amevaa shati jeupe, mama akamnyunyizia maji ya waridi, bibi akamshika kichwa akamsomea. Mimi niliagana naye uani, maana mwali havuki kizingiti. Alinishika bega, akaenda zake. Siku nzima ya historia nilikaa chini ya mpapai, narudia majibu yote kuanzia la kwanza, polepole, kama ninayemsukuma kwa mgongo kutoka mbali.

Matokeo yalikuja baada ya miezi, kwa barua. Shomari alikuwa amepita. Na katika masomo yote, lililopata alama ya juu kabisa lilikuwa historia. Yohana naye alipita. Baba, ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, alikimbia kutoka njia panda hadi nyumbani na bahasha mkononi.

Karamu ya pilau ilifanyika. Watu walijaa mpaka barabarani, na wote walikuwa wanamtafuta mtu mmoja. Bibi Mwanahawa. Habari ya kombe la Mzungu ilikuwa imeshaenea mpaka Mbagala. Wanawake walikuwa wanampa mkono, wanauliza maji kiasi gani, anaosha kwa mkono wa kulia au wowote. Mwaka uliofuata akina mama watatu walimletea madaftari ya watoto wao, naye aliyaosha yote kwa moyo mmoja, bure. Walioshindwa walisema hawakufumba macho vizuri.

Nilikuwa jikoni, nasikia vigelegele. Mama alikuja kuchukua sinia, akasimama, akaniwekea mbele yangu paja zima la mbuzi, akatoka. Mama pekee ndiye aliyenikumbuka.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Shomari alisoma ng'ambo, akarudi, akawa mkubwa wa idara, aliletewa barua mezani kama baba alivyotaka. Yohana akawa mwalimu huko kwao bara. Mimi niliolewa mwaka ule ule, na mtu mwema, sina malalamiko juu yake. Katika kila harusi na kila hitima ya ukoo wetu Shomari alikuwa anasimulia alivyokunywa wino, anaonyesha alivyofumba macho, watu wanagaragara kwa kicheko. Ni hadithi nzuri. Ila alikuwa akiimaliza kwenye midomo ya buluu. Mwanzoni nilidhani ananihifadhia heshima yangu. Baadaye nikaelewa kwamba ameisahau ile sehemu nyingine, ameisahau kweli, na hilo liliniuma zaidi kuliko kama angeificha. Nilimpenda mpaka tulipomzika. Yote mawili ni kweli.

Sasa nina mjukuu, Zuhura, tunakaa naye huku huku Temeke, ambako mikorosho imebaki jina. Mwaka jana alikuwa kidato cha nne. Wenzangu, mngewaona wanavyojiandaa. Ana vitabu, ana masomo ya jioni, ana maswali ya miaka yote iliyopita, ana simu anayoiuliza nayo inamjibu bila kununa. Lakini siku simu ilipoharibika alilia mpaka nikadhani kuna msiba. Nikamuuliza kilichomo, akasema notisi zake zote. Nikamuuliza, kichwani kuna nini? Akanitazama kwa huruma. "Bibi, siku hizi hatukariri. Tunaelewa."

Neno hilo lilinichoma, basi nikamtolea jibu la nne. Lote, ukurasa mmoja na nusu, bila kukwama. Zuhura aliacha kulia. Akaniomba nirudie, safari hii polepole, na kila nilipomaliza sentensi akawa ananiambia kwa Kiswahili inasema nini. Ilikuwa habari ya ngano. Kulikuwa na sheria iliyoizuia ngano ya nje isiingie, ili wenye mashamba wapate faida, na mkate ukawa ghali, na watu wakalala na njaa, na wakakusanyika na kusema na kusema mpaka sheria ile ikaondolewa. Mimi kwa uzito wa maneno yale nilikuwa nimedhani miaka yote ni vita vya wafalme. Kumbe nilibeba njaa ya watu kifuani tangu usichana wangu na sikujua kwamba ni njaa. Baba hayupo tena wa kuniuliza kama maana yake naijua.

Zuhura akasema, "Bibi, wewe ungepata alama zote." Halafu, kama mtoto anavyouliza, "Kwa nini hukufanya huo mtihani?"

Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilimwambia ukweli, kwamba nilitaka. Nilitaka sana. Nilipolisema nikaona lilikuwa neno dogo tu, lingeweza kusemwa siku yoyote.

Sitawaambia kwamba enzi zetu zilikuwa bora. Vitumbua vilikuwa bora, hilo nitabishana na yeyote, na adabu, na ule utulivu wa alasiri ambao pesa haiwezi kuununua. Lakini Zuhura wangu alikuwa anaamka asubuhi ananung'unika kwamba amechoka na mtihani, anatamani usiwepo, na mimi namsikiliza huku nikimpigia pasi sketi yake, na najisemea moyoni, nung'unika mwanangu, ni haki yako.

Siku ya historia nilimsindikiza mwenyewe mpaka shuleni. Aliingia na wenzake, wasichana wengi kuliko wavulana, akanipungia kalamu. Geti likafungwa. Wazazi wengine wakaenda zao. Mlinzi, kijana mwenye heshima, akanipa shikamoo, akaniambia, "Bibi, mtihani huu ni masaa. Nenda ukapumzike, tutakuangalizia mtoto."

"Mie sijachoka, baba," nikamwambia.

Akaniletea kiti cha plastiki, akakiweka kivulini, usawa wa madirisha ya darasa lao. Ndani palikuwa kimya kabisa. Nikakaa mpaka walipotoka, maana katika umri wangu wote sikuwahi kufika karibu na chumba cha mtihani kiasi kile.